Fonti Inayofanana Si Lazima Iwe Inayofaa

Wenzangu wengi husema kwamba fonti ni kama nguo: ukiikosa hii, vaa ile inayofanana nayo. Mimi nakataa. Shati lisilo na mkono mmoja halinifai, hata kama rangi yake ndiyo niliyoitaka.

Mwaka jana tulimzika babu yangu. Familia ilitaka kijitabu cha mazishi kifanane na kile cha bibi. Nikatumwa Nasser Road, hapa Kampala, ambako wachapaji wamebanana mlango kwa mlango. Kijana wa duka moja alikitazama kijitabu cha zamani, akapekua kompyuta yake, kisha akasema kwa furaha, "Nimeipata, ssebo." Kweli zilifanana. Lakini ukoo wetu ni Ŋŋaali, jina la korongo mwenye taji aliye kwenye bendera ya Uganda, na pale penye ŋ palitokea visanduku vitupu. Akavifuta, akaandika "Nnaali". Nilipolalamika alinijibu, "Watu wataelewa." Muda ulikuwa umekwisha, nikalipa.

Usiku ule shangazi alikaa na kalamu, akaongeza mikia ya ŋ katika nakala moja moja. Ndipo nilipokumbuka kwamba hata kijitabu cha bibi kilikuwa na mikia ya wino.

Baadaye nilijifunza kutambua fonti, nikaona si uganga. Tazama herufi zenye tabia. Katika Helvetica, kichwa cha t kimekatwa sawa na mguu wa R umeshuka wima. Katika Arial, t imekatwa mshazari na mguu wa R umetanuka kama wa mtu anayepiga hatua. Kijitabu cha bibi kilikuwa cha Helvetica. Arial ilichorwa mwaka 1982 kwa upana uleule wa herufi za Helvetica, kwa hiyo mistari haivunjiki mahali pengine. Tena Arial ina ŋ, na imo katika kompyuta nyingi za Windows. Asiye nayo anaweza kupata bure Liberation Sans, iliyotolewa mwaka 2007 kwa vipimo hivyohivyo.

Kwa hiyo kosa halikuwa umaskini wala ukosefu wa fonti. Kosa lilikuwa swali. Tuliuliza, "Inafanana?" kabla ya kuuliza, "Inaweza kuandika majina yetu?"

Wapo watakaosema kwamba fonti zenye herufi zetu hazina urembo. Gentium, ambayo jina lake la Kilatini maana yake ni "ya mataifa", ni nzuri kwa kitabu chochote na haiuzwi. Nyingine, iliyochorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, inaitwa Andika. Jina hilo ni la Kiswahili! Waliochora herufi mbali na hapa waliazima neno letu, nasi tunaendelea kupakua fonti za wizi zisizojua kuandika "eŋŋoma".

Wengine wataniuliza: wewe mwanafunzi wa Kiswahili, ŋ inakuhusu nini? Ni kweli, sisi tumepona kwa sababu ya ritifaa: ng'ombe huandikwa kwa fonti yoyote. Lakini Waganda na Waacholi wanaitumia ŋ, na tunaishi nao nyumba moja. Tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hatuwezi kudai heshima hiyo huku tukisema herufi ya jirani ni pambo.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kuchapisha kadi ya harusi, tasnifu au kijitabu cha mazishi, usianze na urembo. Mwambie mchapaji aandike kwanza "Ŋŋaali", kwa herufi kubwa na ndogo, nzito na za mlalo. Kikitokea kisanduku, tafuteni nyingine. Shangazi yangu amechora mikia ya kutosha.