Nduaro wa Malindi: Mmoja amwachilia, mwingine amla

KILA mwaka, upepo wa kaskazi unapofifia kati ya Machi na Aprili, boti za uvuvi wa michezo za Malindi na Watamu, katika pwani ya Kenya, huzitafuta siku zao za mwisho za bahari tulivu. Pasaka ikishapita wageni hurejea makwao, kusi huanza kuvuma, na mabaharia wengi wa boti hizo hukaa bila kazi hadi Agosti au Septemba.

Samaki anayewaleta wageni hao ni nduaro, yule mwenye pezi la mgongoni lililotanda kama tanga, pamoja na jamaa zake wakubwa waitwao marlini. Zamani fahari ya mvuvi wa aina hii ilikuwa kupigwa picha ufukweni kando ya samaki aliyening'inizwa kwenye mizani. Siku hizi desturi imegeuka: wengi humvuta samaki hadi ubavuni mwa boti, wakamchoma alama yenye nambari, kisha wakamwachilia. African Billfish Foundation, taasisi yenye makao yake Watamu, imekuwa ikikusanya taarifa za samaki hao tangu miaka ya 1990. Ni kazi ya kupongezwa, ingawa si kila anayeachiliwa huishi. Aliyechoshwa mno, au aliyemeza ndoana hadi tumboni, huenda akafa mbali na macho ya aliyemvua.

Lakini je, hatima ya nduaro imo mikononi mwa wageni hawa? Mwandishi wa makala haya haamini hivyo. Itakumbukwa kuwa maharamia wa Kisomali walipoitikisa Bahari ya Hindi, hasa kati ya 2008 na 2011, meli nyingi za kigeni za kuvua jodari ziliyakimbia maji yaliyo karibu na Somalia. Mwanzoni mwa 2010 wavuvi wa pwani ya Kenya, wa michezo na wa riziki, waliviambia vyombo vya habari kwamba samaki walikuwa wameongezeka. Huo si ushahidi wa kimahakama, kwani samaki huzidi na kupungua kwa sababu nyingi. Hata hivyo unadokeza ni nani hasa anayeimaliza bahari.

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Seychelles na ambayo Kenya ni mwanachama wake, iliweka mwaka 2018 ukomo wa tani 25,000 kwa mwaka kwa nduaro, na tani 3,260 kwa marlini mwenye milia, ambaye wataalamu walikwisha kuonya kuwa anavuliwa kupita kiasi. Sehemu kubwa ya nduaro wa bahari hii hunaswa na majarife ya wavuvi wa nchi kama Iran, Pakistan, India na Sri Lanka. Jarife halichagui; hata likitegewa jodari, nduaro akipita hunaswa humo humo. Mbele ya tani hizo, samaki wanaoachiliwa Watamu ni tone tu.

Wapo wanaotamani Kenya iige Marekani, ambayo kwa sheria ya 2012 ilipiga marufuku biashara ya nyama ya nduaro na marlini. Hapo sharti tutulie. Malindi nduaro ni kitoweo, na kwa mvuvi wa mashua aliyempata alfajiri ni karo ya mtoto. Kumtaka amwachilie ili mgeni aje kumvua kesho, ampige picha na kumwachilia tena, huku yeye asiambulie hata senti, ni kumtaka maskini agharimie burudani ya tajiri. Hatakubali, na samaki aliyeachiliwa mchana ataishia wavuni usiku.

Lipo jambo linalowezekana. Sehemu ya ada anayolipa mgeni kwa siku moja ya boti ipelekwe moja kwa moja kwa vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyotambuliwa na sheria, na hesabu zake zibandikwe pale samaki wanapopimwa, kila mvuvi azione. Wenye boti watalalamika kuwa tayari wanalipa leseni na kodi. Ni kweli wanalipa, ila fedha hizo huenda Nairobi na Kilifi, na mvuvi wa Mayungu hazioni zikirudi. Miezi ya kusi, boti zikiwa zimepandishwa nchi kavu na wenyewe hawana safari, inatosha kabisa kwa mazungumzo hayo.