Joto Halikuvunja Mwamba Ule

Msimu wa kaskazi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika kijiji kimoja cha wavuvi, kusini mwa pwani yetu. Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa hata mgongo wa mwamba ukaonekana, na wanawake walikuwa wameshatawanyika na vijiti vyao wakitafuta pweza. Kwa muda wa saa moja hivi nilieleza, kama ilivyo ada ya kazi yangu, jinsi ongezeko la joto la bahari linavyoua matumbawe. Mzee mmoja mvuvi, ambaye kijiji kilimtoa atuongoze, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mahali ambapo chini ya maji hapakuwa na kitu ila kifusi cha vipande vyeupe, akauliza: “Mwalimu, nimekuelewa vizuri. Lakini hilo joto ndilo lililovunja mwamba ule?”

Nilikosa la kusema kwa muda, maana kila mtu pale alilijua jibu. Mwamba ule ulivunjwa kwa baruti, kwa miaka mingi, mchana kweupe, na milipuko yake ilisikika hata kwa watu waliokuwa wakilipwa mshahara ili waizuie. Nilipokiri hivyo, mzee alitikisa kichwa. “Nakushukuru, mwanangu. Maana siku hizi kila anayetoka mjini hutwambia ni tabianchi.”

Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku ile. Nimehudhuria warsha nyingi ambamo taarifa ya kupungua kwa samaki huanza na kuishia kwa maneno “mabadiliko ya tabianchi”. Ni maneno ya kweli, lakini yamegeuka kuwa pazia. Ukiyatamka, hakuna ofisi inayoulizwa swali, hakuna leseni inayochunguzwa, na hakuna mkuu anayelazimika kueleza fedha za doria zilikwenda wapi. Hoja yangu leo ni kwamba joto la bahari ni dhuluma ya kweli tunayotendewa na wengine, na kwa sababu hiyo hiyo hatuna haki ya kulitumia kuficha dhuluma tunayojitendea wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Sipunguzi uzito wa joto. Tumbawe si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya anachohitaji. Mwani huo ndio unaompa hata rangi. Bahari ikizidi kiwango chake cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzijoto 1 tu ya Sentigredi, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mwani hutoka, tumbawe hupauka, nalo huanza kufa njaa. Joto likishuka mapema, hupona. Likikawia, hufa.

Pwani yetu iliyaona hayo mwaka 1998. Katika miamba kadhaa ya Kenya na ya kisiwa cha Mafia, zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa katika msimu mmoja. Dunia nzima ilipoteza takriban asilimia 16 ya miamba yake mwaka ule. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilikwisha kuonya mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe itapotea. Ikifikia nyuzi 2, itapotea zaidi ya asilimia 99. Bara la Afrika lote linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Anayesema kwamba hii si dhuluma, na aje amweleze yule mama mwenye kijiti mkononi.

Na kinachopotea si mandhari ya watalii. Miamba ya matumbawe haifikii hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye mikoko na minazi yetu. Sisi wa pwani tumeishi ndani ya matumbawe kwa maana halisi ya neno: msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107, magofu ya Kilwa Kisiwani, na nyumba za Mji Mkongwe, zote zimejengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe. Hata kilimo cha mwani huko Zanzibar, ambacho wakulima wake wengi ni wanawake, kimeonja joto hili: ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi kupata moto.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na mwanaikolojia wa Kenya, David Obura, uliotathmini miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Hitimisho lake ni kwamba miamba yote ya eneo hilo imo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Vyombo vya habari vilishika sentensi hiyo, vikaiacha iliyofuata. Kwa visiwa kama Komoro na sehemu za Madagaska, tishio kuu lililoonekana ni joto linalokuja. Kwa pwani ya bara, yaani kwetu, tishio lililojitokeza zaidi ni uvuvi uliopita kiasi. Hilo si joto la mtu mwingine. Hilo ni letu.

Watu wengi hudhani kwamba mambo haya mawili hayahusiani, kwamba mwamba unaopauka utakufa tu hata ukilindwa. Ni kweli kwamba hifadhi haipoozi maji. Lakini baada ya mwamba kufa, linakuja swali la pili: je, utafufuka? Machanga ya matumbawe huelea baharini yakitafuta mahali pagumu na safi pa kushika. Mwamba wenye samaki wa kutosha walao mwani, kama pono na kangaja, husafishwa kila siku, na machanga hayo hupata makao. Mwamba uliovuliwa hadi ukabaki mtupu hufunikwa na majani ya bahari, na machanga hukosa pa kukaa. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi katika pwani ya Kenya walionyesha pia jambo ambalo wavuvi wengi walikwisha kulihisi: kikande wakiisha, wale viumbe wa mviringo wenye miiba, wanaowachoma watu miguuni, huongezeka kupita kiasi kwa kuwa hakuna wa kuwala, na wao huuguguna mwamba hadi ukadhoofika.

Baruti ni mbaya kuliko yote hayo. Hugeuza mwamba kuwa kifusi kinachosukumwa na mawimbi huku na huku, na juu ya kifusi kinachosogea hakuna changa linaloweza kushika. Tumbawe gumu la mviringo hukua kwa sentimita 1 hivi kwa mwaka. Lile lenye kimo cha mita moja na nusu lilianza kukua kabla Wajerumani hawajakanyaga pwani hii. Limepita katika tawala zote hizo na mabadiliko yote ya bahari, kisha kijana mmoja analimaliza kwa chupa moja yenye utambi.

Lakini tumwangalie na kijana huyo kwa haki. Baruti haioti baharini. Ilitoka migodini na kwenye machimbo ya mawe, ikapita barabarani, ikapita mikononi mwa watu wenye mitaji, na samaki wake walinunuliwa sokoni na watu kama mimi na wewe. Uvuvi huo ulianza kuripotiwa katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na kwa nusu karne tuliambiwa kwamba hauzuiliki: pwani ni ndefu, boti ni chache, bajeti ni finyu. Kisha, kuanzia mwaka 2016 hivi, vyombo mbalimbali vya dola vikaamua kufanya kazi pamoja, na milipuko ikapungua kwa kiasi kikubwa katika muda wa miaka michache tu. Bahari haikupoa katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni utashi. Kila ninaposikia kwamba jambo fulani la mazingira haliwezekani, nakumbuka mfano huu.

Wala sisemi kwamba dawa ni virungu. Hifadhi inayomfukuza mvuvi bila kumpa njia nyingine humgeuza kuwa adui wa hifadhi, naye anaijua bahari usiku kuliko askari yeyote. Tunayo mifano iliyo bora zaidi. Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wanakijiji wenyewe waliamua mwaka 2005 kulifunga eneo la bahari yao, na samaki wakarudi. Kisiwa Panza, huko Pemba, jamii hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza, ambaye hukua upesi, afikie uzito unaostahili kabla ya kuvuliwa. Hifadhi ya Chumbe iliyoanzishwa mwaka 1994 iliwafanya baadhi ya wavuvi kuwa walinzi wake. Katika mifano yote hiyo, wanaobeba gharama ya kungoja ndio wanaoshiriki kuamua, na ndio wanaovuna.

Hapa naona hatari inayotukabili sasa. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030. Ni lengo jema. Lakini ni rahisi mno kulitimiza kwa kuchora mistari kwenye ramani, kumwondoa mama wa pweza, na kuiacha hoteli ikitiririsha maji taka yake kwenye mwamba ule ule. Tukifanya hivyo tutakuwa na asilimia zetu katika ripoti, na bahari isiyo na samaki wala watu.

Iko hoja ambayo baadhi ya wanaharakati hunipa: ukisema haya, Daktari, unawapa mataifa tajiri kisingizio cha kutulaumu sisi maskini. Naielewa hofu hiyo, lakini nadhani inatazama upande usiofaa. Madai yetu katika mikutano ya tabianchi, ikiwamo ile iliyozaa mfuko wa hasara na uharibifu mwaka 2022, yanategemea ukweli wetu. Atakayesimama kudai fidia ya mwamba ataulizwa aliutunza vipi kabla haujaungua. Tena, fidia yenyewe ina mpaka wake. Hakuna fedha inayoweza kununua tumbawe la miaka 150. Kwa hiyo dai letu la kwanza lazima liwe kupunguzwa kwa hewa ya ukaa, kisha ndipo ije fidia.

Ukweli huo unatuuma na sisi. Tumeshirikiana na Uganda katika bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, katika pwani ile ile ya Tanga ambako mwaka 2009 tulitangaza hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani alikwisha kutoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Nakubali kwamba Uganda ina haki ya kutafuta maendeleo, na kwamba walioteketeza mafuta kwa zaidi ya karne moja hawana kimo cha kutuhubiria. Hata hivyo, nchi haiwezi kulilia mwamba katika mkutano mmoja na kusifia bandari ya mafuta katika mkutano mwingine, bila kuwaeleza wananchi wake jinsi mambo hayo mawili yanavyopatana. Maelezo hayo tunayadai, na si uchochezi kuyadai.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ninalo ombi moja dogo. Mtakapoandika tena kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya tabianchi, ongezeni aya moja: doria ngapi zilifanyika, nyavu haramu ngapi zilikamatwa, maji taka ya mji yanaishia wapi, na tathmini ya athari kwa mazingira ya ule mradi inapatikana wapi kwa mwananchi anayetaka kuisoma. Wanaharakati, iulizeni aya hiyo isipoandikwa. Nanyi wanafunzi wangu, mtakapokwenda kijijini na michoro yenu ya joto, anzeni kwa kusikiliza.

Yule mzee alitusindikiza hadi ufukweni, maji yakiwa yameanza kujaa. Binti mmoja katika kundi letu alimuuliza kama mwamba ule utarudi. Akasema yeye hatauona. Kisha akamwuliza binti ana umri gani. Aliposikia miaka 22, akatulia kidogo, akasema: “Wewe, mjukuu wangu, huenda ukauona. Mkitaka.”