SELI SHINA KWA VIGOGO, 'BADILI MTINDO WA MAISHA' KWA MLALAHOI!

Kuna maneno yamekuwa matamu sana midomoni mwa wakubwa: "magonjwa ya mtindo wa maisha". Kisukari, presha, moyo. Mheshimiwa anapanda jukwaani, kitambi kimetangulia, anawahubiria vijana wa Manzese na Mbagala wabadili mtindo wa maisha. Mtindo gani, mheshimiwa? Kijana anayeshinda juu ya bodaboda tangu alfajiri na kula chipsi kavu saa tisa kwa kuwa ndizo hela yake inazofikia, aliulizwa lini achague mtindo? Hiyo ni dhiki, tuiite kwa jina lake.

Na dhiki hiyo inaua. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwakuta watu wazima 9 katika kila 100 wana kisukari.

Sasa tazameni wenzetu wamefika wapi. Mwaka 2021 madaktari wa Shanghai, China, walimtibu mzee wa miaka 59 mwenye kisukari cha aina ya pili, hicho hicho mnachoambiwa mmejitakia. Walichukua chembe za mwili wake mwenyewe, wakazirudisha kuwa seli shina, yaani seli changa ambayo bado haijaamua iwe nini, kisha wakazifundisha kutengeneza insulini kama kongosho na kuzipandikiza kwenye ini lake. Baada ya wiki 11 sindano za insulini zikawekwa kando. Baada ya mwaka mmoja hivi, na vidonge akaacha.

Wala msiogopeshwe kwamba lazima mimba changa ziharibiwe. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba hata seli ya ngozi ya mtu mzima inaweza kurudishwa utotoni. Alipewa Nobel 2012.

Tusidanganyane, mgonjwa mmoja si dawa ya taifa. Mzee yule alikwisha kupandikizwa figo, na tayari alikuwa anatumia dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo kigeni. Kazi bado kubwa. Lakini itakapokamilika, nani ataipata?

Jibu tunalo. Mwishoni mwa 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia seli shina za damu ya mgonjwa mwenyewe. Bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5! Na Tanzania ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Ugonjwa ni wetu, dawa ni yao.

Msiseme ni ndoto za mbali. Waliogundua insulini kule Toronto waliuza hataza yao mwaka 1923 kwa dola moja moja, ili dawa isiwe mali ya tajiri. Karne nzima imepita, na bado kuna mama uswahilini anapima auze kuku amnunulie mtoto kichupa cha insulini au anunue unga. Kama dawa ya dola moja imeshindwa kumfikia, hii ya bilioni 5 itamfikia kwa miujiza?

Vigogo hawana wasiwasi. Mwaka 2014 rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Marekani, hospitali ya Johns Hopkins. Hatumlaumu kwa kuugua; kuugua hakuna cheo. Tunauliza tu, mlalahoi ndege yake iko wapi?

Yeye anaachiwa matapeli. Siku hizi kuna vijana wenzetu waliovalishwa tai, wanazunguka na vikopo vya unga, eti una "seli shina", eti unaponya kisukari, presha na nguvu za kiume kwa mkupuo. Ndugu zangu, seli ni kitu hai. Haikai kwenye unga juu ya kabati miezi sita ikisubiri mteja, na ukiimeza tumbo litaisaga kama maharage. Serikali imekaa kimya, na hatushangai. Mwaka 2011 nchi nzima ilipokimbilia kikombe cha Babu wa Loliondo kwa shilingi 500, mawaziri nao walikwenda kunywa!

Kinachouma zaidi ni kwamba uwezo tunao. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 ilipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hiyo nayo ni tiba ya seli shina, na imefanyika hapa hapa, si Baltimore wala Shanghai. Wataalamu wapo. Kinachokosekana ni fungu, maana lililopo linayeyukia kwenye mashangingi na semina za kujifunza namna ya kufanya semina.

Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipitishwa 2023. Basi bajeti inayokuja itwambie mambo matatu kwa tarakimu, bila ngonjera: asilimia ngapi inakwenda afya, Dodoma wanapewa kiasi gani kupandikiza watoto wangapi, na kama kichupa cha insulini kimo kwenye kadi ya bima ya mwendesha bodaboda au hakimo. Mbunge akija kijiweni kwenu kuomba kura, mwulizeni hayo matatu kabla hajagawa fulana.