Padre Allamano wa Torino na Hospitali ya Voi

Mtu wa Mata anayekwenda Voi kwa shughuli zake hupita Maktau, Bura na Mwatate, na pengine hafikiri sana juu ya reli inayofuatana na njia hiyo. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya mkonge wala abiria. Ilijengwa kwa ajili ya vita. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika mataruma kutoka Voi, ili wapate kupeleka askari, maji na mizinga mpaka chini ya kilima cha Salaita. Voi ikawa kambi kubwa, na penye kambi kubwa hapakosi hospitali.

Katika hospitali hiyo ya Voi walifanya kazi watawa wa kike kutoka Italia. Aliyewatuma alikuwa padre mmoja wa mji wa Torino, jina lake Giuseppe Allamano, ambaye Wakristo wa Kenya humwita Yosefu. Yeye hakuiona Voi, wala Nyeri, wala sehemu nyingine yoyote ya Afrika, mpaka alipokufa. Tarehe 20 Oktoba 2024 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu, na wasomaji wengi waliosikia habari hiyo hawakujua ya kuwa inahusiana kidogo na wilaya za huku kwetu.

Allamano alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 katika kijiji cha Castelnuovo, kaskazini ya Italia, nchi ya wakulima wa mizabibu. Kijiji hicho ni cha ajabu, kwa maana Yohane Bosco alizaliwa huko, na padre Giuseppe Cafasso pia, na wote wawili Kanisa limewaita watakatifu. Cafasso, aliyekuwa akiwasindikiza wafungwa mpaka penye kitanzi, alikuwa ndugu wa mama yake Allamano. Baba alifariki kijana huyu akiwa mdogo sana, mama akawalea watoto watano peke yake. Alisoma miaka minne katika nyumba ya Yohane Bosco mjini Torino, kisha akaingia seminari, akapewa upadre mwaka 1873.

Alitamani kwenda ng'ambo kuhubiri, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 29 tu, askofu alimpa kanisa kubwa la Bikira Maria wa Faraja, ambalo kwa Kiitalia huitwa Consolata, alitunze. Alilitunza miaka 46. Kila siku alikaa katika chumba cha maungamo, akatengeneza kuta za kanisa zilizochakaa, akafundisha mapadre vijana. Kwa wengi wetu kazi hiyo ingetosha, tena ingetosha kuwa udhuru wa kutofanya nyingine.

Mwezi wa Januari 1900 aliugua hata waliomzunguka wakakata tamaa. Alipopona, aliona kuwa amepewa maisha ya pili kwa sababu maalum. Tarehe 29 Januari 1901 shirika la Wamisionari wa Konsolata likaanzishwa, na tarehe 8 Mei 1902 watu wanne wa kwanza wakaondoka Torino: mapadre Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabruda Luigi Falda na Celeste Lusso. Shabaha ya kwanza ya Allamano ilikuwa nchi ya Waoromo, na Kenya ilidhaniwa kuwa mlango tu wa kuingilia huko. Mapatano yalifanywa na Askofu Allgeyer wa Zanzibar, wa shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililoanzisha misheni ya Bura katika Taita mwaka 1892. Wale wanne wakapanda gari moshi Mombasa, wakapita Voi, wakateremka Nairobi na kwenda kwa miguu mpaka kwa mzee Karuri wa Gakure huko Tuthu, wakasoma Misa ya kwanza tarehe 29 Juni 1902. Mlango ukageuka kuwa nyumba.

Hapa ndipo mtu mwenye akili huuliza: je, ni haki mtu kukaa kwake penye usalama na kuwatuma wenziwe penye homa na vita? Swali hili si dogo. Allamano mwenyewe alilijibu kwa matendo. Kwanza, hakutaka watu wengi. Alitaka watu wachache walio wema, akawa akisema mara kwa mara kwamba utakatifu utangulie na umisionari ufuate. Aliyeona hafai alimrudisha kwao, hata wakati misheni zilipolia kwa uhaba wa watu. Pili, aliwaagiza kila mmoja aandike kitabu cha kila siku na kukipeleka Torino, naye akavisoma vyote, akajua ni nani aliyevunjika moyo na ni nani anayegombana na mwenziwe. Tatu, hakuwaonea haya kuwafundisha kazi za mikono. Kwake kupanda, kujenga, kutibu na kufundisha kusoma kulikuwa sehemu ya Injili yenyewe, na wamisionari walipokutana Murang'a mwezi wa Machi 1904 walipanga kazi yao juu ya msingi huo: shule, dawa, kuwatembelea watu majumbani, na kuwafunza makatekista wenyeji.

Si kusema kwamba kila tendo la misheni lilikuwa safi. Mashamba makubwa ya misheni huko Nyeri yalikuwa katika nchi ambayo wenyeji walikuwa na neno juu yake. Na wamisionari wote wa siku zile waliingia chini ya bendera ya serikali ya kikoloni. Mwandishi wa ukurasa huu haoni faida ya kuyaficha hayo.

Mwaka 1910 Allamano alianzisha shirika la pili, la watawa wa kike. Inasimuliwa kwamba alimwambia Papa Pio wa Kumi ya kuwa hana wito wa kuanzisha shirika la wanawake, naye Papa akamjibu kwamba kama hana, basi yeye anampa. Mmoja wa masista hao aliitwa Irene Stefani, mzaliwa wa Anfo, aliyefika Mombasa mwezi wa Januari 1915 akiwa na umri wa miaka 23. Badala ya kufundisha watoto, mwaka 1916 alipelekwa Voi.

Waliolala katika hospitali zile hawakuwa askari peke yao. Wengi walikuwa wapagazi, watu wa lile jeshi la mizigo lililotuachia jina la Kariakoo katika Nairobi na Dar es Salaam. Wengine walikwenda kwa ujira, wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa katika kamata kubwa ya mwaka 1917. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi si risasi bali kuhara, homa, baridi ya mapafu na chakula wasichokizoea. Makaburi ya askari yapo hata leo Voi, Maktau na Taveta, lakini wapagazi wengi mno hawana jiwe lenye jina. Sista Irene aliwaosha vidonda watu hao, akajifunza majina yao. Kutoka Voi alipelekwa kusini, Kilwa na Lindi. Huko, inasemwa, siku moja alikwenda kumtafuta mgonjwa wake kati ya maiti zilizokwisha kuwekwa ufukoni, akamkuta angali anapumua.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, kisha akapelekwa Gikondi. Wanawake wasiojua kusoma walimwendea awaandikie barua kwa waume na watoto wao waliokuwa kazini mbali, na majibu yalipokuja akawasomea. Makarani wanaosoma ukurasa huu wanajua ni kazi gani hiyo, na jinsi isivyo na mshahara. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Allamano alifariki Torino tarehe 16 Februari 1926, akiwa na umri wa miaka 75. Sista Irene aliishi baada yake miaka minne tu. Mwezi wa Oktoba 1930 alimwuguza mtu mwenye tauni pale Gikondi, akaambukizwa, akafa tarehe 31 ya mwezi huo akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenye heri katika mji wa Nyeri, mbele ya umati mkubwa wa watu.