Hanisakeli Ina Mizani Mingapi?

Mshairi anayetaka kuingiza maua ya Ulaya katika utungo wake hukwama penye jina "honeysuckle". Ni mmea utambaao wa jenasi ya Lonicera, wenye maua ya harufu nzuri, na jina lake ni la kuungwa: asali, kisha kunyonya. Mwingereza hulitamka kwa silabi nne, mkazo mkuu ukiwa juu ya ile ya kwanza: HA-ni-sa-kl. Herufi "o" isimpotoshe mtu. Hapo husikika karibu na "a" yetu.

Shida imo katika silabi ya nne. Haina irabu, "l" yenyewe ndiyo iliyobeba silabi. Sisi nasi tunazo silabi zisizo na irabu, kama "m" ya m-ti na "n" ya n-chi, lakini "l" hatujaipa cheo hicho. Ulimi wetu huongeza irabu, kama ulivyofanya kwa "bicycle": silabi tatu za Kiingereza zikawa ba-i-si-ke-li, tano kamili. Kwa njia hiyo hiyo twapata ha-ni-sa-ke-li, na mkazo, kwa kanuni yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia "ke", mahali ambapo Mwingereza hana hata irabu!

Wapo wanaoshikilia kuwa neno geni lihesabiwe kwa kipimo cha kwao. Sikubaliani nao. Chukua kipande cha mizani nane: "Honeysuckle ya langoni". Kwa hesabu ya Kiingereza kimetimia. Mpe mghani akiimbe: utasikia tisa, na mahadhi yatachechemea. Andika "Hanisakeli langoni", ziwe nane machoni na masikioni.

Wala kiungo cha maneno mawili kisitutie hofu. Kifauongo nacho ni jina la kuungwa, kifa na uongo, lakini malenga huhesabu ki-fa-u-o-ngo bila kusita penye kiungo, na mkazo ni mmoja tu.

Wengine hupendekeza tutafsiri, tuseme "mnyonya-asali". Jina ni tamu, sikatai, ila nahofia msikilizaji atamfikiria chozi, yule ndege, kabla ya kulifikiria ua.