Kibao Kilichofika Baada ya Magari

JICHO LA MTAA
Na Mwajuma wa Rohero

Sitaki kuambiwa tena kwamba watu wa Rohero hawapendi utaratibu. Kauli hiyo ilitoka wiki hii kinywani mwa kijana aliyeshika kufuli, mbele ya nyumba yenye msiba, na mpaka naandika hivi bado inaniwasha.

Ilikuwa hivi. Katika kichochoro kimoja si mbali na Kanisa Kuu la Regina Mundi, hapa Bujumbura, jirani yetu alifiwa na mama yake. Turubai likafungwa uani, viti vya plastiki vikakodiwa, na watu wakaja kama watu wanavyokuja kwenye kilio: wa Kinama, wa Kanyosha, wengine kutoka Gitega. Wenye magari waliyaegesha upande mmoja, yakabana ukuta, kama tulivyozoea miaka yote. Jumanne usiku watu walilala hapo. Jumatano walipotoka kunawa uso, walikuta mwanzoni mwa kichochoro kibao cha kukataza maegesho, saruji yake bado mbichi. Kabla jua halijawa kali, vijana wa kufunga magari walishafika, na sabo, zile kufuli za magurudumu, zikaanza kufungwa gurudumu baada ya gurudumu.

Msomaji, rudi usome mpangilio wa mambo hayo. Magari yalitangulia. Kibao kikafuata. Faini ikaja mwisho, na ndiyo pekee iliyofika na risiti.

Papa Kofia, mzee wa mtaa wetu asiyevua kofia yake, ndiye aliyetoka kwanza, na safari hii alitoka kichwa wazi. Akamwambia mkubwa wa vijana wale kwa upole: "Mwanangu, hapa tuna msiba. Saa nane tunakwenda kuzika. Tuachieni siku ya leo tu." Kijana akajibu kwamba yeye ametumwa, kwamba watu wa Rohero hawapendi utaratibu, na kwamba mwenye malalamiko aende ofisini. Ofisi gani? Akaitaja. Mjukuu wa marehemu akatumwa huko kwa miguu, maana pikipiki zilikatazwa katikati ya mji tangu Machi 2022. Alipofika akaambiwa vibao si kazi yao, aende ofisi nyingine. Ile nyingine ikamwambia aandike barua, mkubwa akirudi ataisoma. Mkubwa atarudi lini? Hakuna aliyejua. Mtoto aliporudi nyumbani saa nane ilikuwa imekaribia, na wazee wakafanya lililobaki: walichukua pesa ya faini kwenye bakuli la rambirambi.

Nilikuwa nimesimama pale ilipohesabiwa. Pesa ambayo watu waliitoa mfukoni ili mama yule azikwe kwa heshima ilitumika kufungua magurudumu. Binti yake mkubwa hakusema neno. Alifunga bakuli kwa kitambaa akaingia ndani.

Na kulikuwa na gari moja, Probox, ambalo hata baada ya kulipiwa halikuondoka. Tangi lake lilikuwa kavu. Mwenyewe aliegesha gari pale kwa sababu ndipo mafuta yalipomwishia, akawa anasubiri wa kumgawia lita chache. Aliamriwa aliondoe mara moja. Aliondoe na nini? Mji mzima unajua tulivyoishi na uhaba wa mafuta miaka hii: foleni zinazolala vituoni, madereva wanaosinzia kwenye usukani ili zamu isiwapite. Magari ya foleni huziba mageti ya watu na hakuna anayeyafunga sabo. Ni haki yasifungwe, kwa sababu mwenye gari lisilo na mafuta hana kosa. Basi huruma hiyo iliishia wapi ilipofika kichochoroni kwetu? Tulilisukuma wenyewe, wanaume wa kilio na sisi kina mama tuliojifunga vitenge, mpaka ndani ya geti la jirani. Vijana wa sabo walisimama wakitazama.

Nani aliomba kibao kile? Si sisi. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiuliza, na hakuna mkazi aliyeitwa kwenye mkutano wala aliyeletewa karatasi. Nyumbakumi wetu naye alikiona asubuhi hiyo hiyo kama sisi. Kinachojulikana ni kwamba tangu soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara ilipanda kuja kwetu na haikushuka tena. Maduka, kliniki, mikahawa, ofisi za mashirika, vyote vimeingia kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia moja na gari moja. Msongamano wa Rohero umetoka huko. Jumatano ile ile, kwenye kona, magari makubwa meupe yalikuwa yamepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, na watoto wa shule wakishuka barabarani kuyazunguka. Magurudumu ya magari hayo yalibaki huru kutwa nzima. Niliwaonyesha vijana wale kwa kidole. Walitazama upande mwingine.

Mimi nilikulia Buyenzi, na wanaoijua Buyenzi wanajua barabara zake zenye namba zilivyo: fundi anashusha injini katikati ya njia, vipuri vimetandazwa juu ya gunia, na gari lisilo na milango limekaa hapo tangu mvua za mwaka jana. Mgeni huona fujo. Lakini akifa mtu, mafundi husogeza magari bila kuambiwa mara mbili, mabenchi huwekwa mwanzoni na mwishoni mwa barabara, na turubai husimama katikati. Anayetaka kupita huzunguka, huku akitoa pole. Hakuna kibao, na hakuna anayegombana, kwa sababu kila mtu ameulizwa na kila mtu anamjua wa kumuuliza.

Sisemi tuachiwe kila mtu aegeshe apendavyo. Kichochoro chetu ni chembamba, na gari la wagonjwa au la zimamoto likija lazima lipite. Wangekuja kutuuliza, ningekuwa wa kwanza kusema upande wa kushoto ukatazwe. Ninachokikataa ni katazo lisilo na mlango wa kubisha. Nairobi mwaka 2019, kaunti ilipotaka kupandisha ada ya maegesho ya katikati ya jiji kutoka shilingi 200 hadi 400, watu walikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikaizuia. Wenzetu wana mahali pa kupeleka neno lao na likasikika. Sisi tunapewa majina ya ofisi.

Nchi yetu ina Ombudsman tangu 2010, lakini malalamiko ya kibao cha kichochoro hayapaswi kupanda juu kiasi hicho. Yaishie mtaani. Kabla ya saruji kumwagwa, shefu wa katiye, mkubwa wa mtaa, aite wakazi, waonyeshwe ni upande upi na kwa saa zipi. Kibao kikisimama, ipite wiki nzima ya maonyo bila sabo. Nyumba yenye msiba, harusi au mgonjwa ipewe ruhusa ya siku hiyo kwa sahihi ya nyumbakumi. Na malalamiko yapokelewe mahali pamoja, ofisi ya zoni, kwenye daftari lenye tarehe, jina la aliyepokea na jibu la maandishi, kabla mtu hajadaiwa hata faranga moja.

Nikisema hivyo naambiwa bajeti hakuna. Basi daftari nimeshalinunua. Ukurasa wa kwanza nimeandika habari ya familia ile: saa kibao kilipoonekana, saa sabo zilipofungwa, pesa iliyotoka kwenye bakuli. Jumatatu saa mbili asubuhi nitalipeleka zoni, na nitakaa kwenye benchi la nje mpaka mtu alipokee kwa sahihi yake. Nafasi ya jibu nimeiacha wazi. Wiki ijayo, hapa hapa, mtasoma kilichoandikwa ndani yake, au mtaiona ikiwa tupu.