Baridi Haiui Kinanda, Haraka Ndiyo Huua

Haya wasomaji, Julai ndiyo hiyo, na kule Limuru, Kinangop na Nyahururu watu wanalalia blanketi mbili. Msimu huu ukifika sikosi kuulizwa kama baridi inaharibu kinanda cha umeme, miksa au amplifaya. Eti kwa kuwa naandika programu, basi najua kila kitu chenye waya!

Maoni yangu ni kwamba tunaisingizia baridi. Vijitabu vya vinanda vya Yamaha, kwa mfano, hutaja kiwango cha joto la kufanyia kazi kuwa nyuzi 5 hadi 40 za Selsiasi. Usiku wa nyuzi 10 ni baridi kwako wewe, si kwa kinanda.

Hatari iko mlangoni. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hutoka jasho, sivyo? Maji hayo hayatoki ndani ya chupa. Ni mvuke wa hewani uliogusa kitu baridi. Sasa chukua kinanda kilichosafiri usiku nyuma ya pikapu, ukiingize katika kanisa lililojaa watu wa kesha. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 huacha matone juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 14 hivi. Kinanda chako kina nyuzi 10. Kitatoka jasho hadi ndani, kwenye saketi, mahali usipopaona. Ukikiwasha hapo unakaribisha shoti leo na kutu kesho.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Fika mapema, kisha kiache ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa, kwa saa mbili tatu. Matone yatatua juu ya mfuko badala ya kinanda. Usikiharakishe kwa jiko la makaa wala mashine ya kukausha nywele.

Ugomvi wangu hasa ni na waandalizi. Vyombo hubebwa mwisho, baada ya viti na sufuria, halafu mpigaji anaambiwa awashe sasa hivi kwa sababu mgeni wa heshima ameshaketi. Kinanda kikizimika, lawama ni za kijana huyo, na harambee nyingine inaitishwa. Hiyo si haki. Tengeni saa mbili za vyombo kwenye ratiba, kama mnavyotenga muda wa chai.

Ama mnaonaje?